Magunzi Chini ya Boneti

Polikarpo wa Mjimwema, mjini Njombe, alikuwa na ugonjwa ambao hata ungempeleka hospitali ya Ikonda wangempima, wakakuna vichwa, wakamrudisha nyumbani: hakuweza kuvumilia tone la maji linalodondoka bure. Mtu mzima huyu, mwenye mvi na miwani, ukimkaribisha chai kwako, kabla hajaketi atazunguka uani kukaza koki. Kwenye sherehe ya watu aliwahi kuacha sahani ya pilau ipoe, akaenda nyuma ya ukumbi kuhangaika na bomba la kunawia mikono. Watu walimsema, wakamcheka, mwisho wakachoka wenyewe.

Na kwa nini asiwe hivyo? Miaka yake yote ya nguvu alikuwa fundi wa maji ya mserereko, yale yanayoshuka yenyewe kutoka chanzo cha mlimani mpaka vijijini bila mashine. Alikuwa akitembea na panga, tochi na mfuko wa magunzi ya mahindi. Unauliza magunzi ya nini? Basi wewe huyajui mabomba ya huku kwetu! Bomba likiachwa mdomo wazi, na duka la vifaa liko mbali, fundi huchonga gunzi, hulizungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli, hulipigilia ndani, kwisha habari. Gunzi likilowa linavimba, na likivimba hulitoi kwa kubembeleza. Yapo magunzi ya Polikarpo huko milimani yaliyodumu kuliko ndoa za watu ninaowafahamu.

Sasa mtu wa namna hii, Mungu akamjalia gari. Alilinunua Makambako kwa mwalimu mstaafu, gari dogo la Kijapani lenye rangi ya maziwa mgando. Akaliendesha mpaka Mjimwema polepole, huku malori yakimpigia honi za matusi, akaliegesha chini ya paa la mabati alilolijenga kwa ajili yake. Asubuhi akaenda kulisalimia. Chini ya gari, kwenye udongo mkavu, akakuta kidimbwi.

Jamani! Alipiga magoti pale pale. Akafungua boneti, akawasha tochi, akaanza upelelezi. Akagundua mipira mitatu ya ajabu. Mmoja ulitokea nyuma kabisa ya injini, chini ya kioo cha mbele, mnene, mweusi, umeinamisha mdomo chini. Wa pili ulichomoza kwenye ukuta unaotenga injini na chumba cha abiria, mfupi, nao ndio uliokuwa ukitoa matone. Wa tatu ulikuwa mwembamba, umeanzia kwenye kopo la maji pembeni ya rejeta, ukateremka mpaka karibu na ardhi, ukaishia hewani. Mipira mitatu, na hakuna hata mmoja uliounganishwa na kitu! Polikarpo akapenyeza kipande cha bomba mpaka kwenye ule mnene, akakipuliza kwa nguvu, kama alivyokuwa akipuliza mabomba yaliyoziba. Ukamrudishia usoni maji machafu na majani makavu.

"Uzembe," alisema, akitema jani. "Wajapani wote wale wenye akili, halafu wanaacha midomo wazi!"

Enzi za kazi yake alikuwa mkali kwa vibarua: ukikuta bomba usilolijua, usiliguse mpaka umelifuata hadi linakotoka. Lakini kulifuata bomba mlimani ni kutembea tu, na kuufuata mpira ndani ya gari ni kuingiza kichwa mahali ambapo hata paka angefikiria mara mbili. Polikarpo alijaribu kidogo, akagonga sikio, akaacha.

Jirani yake Abel, dereva wa lori la nguzo, alipita akamkuta anachonga gunzi.

"Baba Flora, unafanya nini tena?"

"Naziba. Gari linavuja sehemu tatu."

"Hebu lipeleke kwanza kwa Timoth pale stendi akalitazame."

"Timoth? Amezaliwa mimi nimeshafukia mabomba ya kutoka hapa mpaka unakokujua. Atanifundisha nini kuhusu mpira?"

"Mpira wa gari siyo wa kijiji, Baba Flora."

"Maji ni maji, Abel."

Abel akainua mikono, akaenda zake. Haambiliki yule, na Abel alikuwa na lori la kupakia.

Mpira wa kwanza, kwa kuwa ulikuwa ndani sana, Polikarpo alisukumia gunzi kwa kijiti mpaka likazama. Miwili iliyobaki aliiziba kwa mkono, akaifunga na ukanda wa tyubu kwa lile fundo lake ambalo vibarua walikuwa wakiliita fundo la maisha. Kesho yake chini ya gari pakawa pakavu kabisa. Alimwita mkewe Letisia aje aone. Letisia akatazama ardhi, akamtazama mumewe, akasema, "Hongera," kwa sauti ya mtu aliyeacha sufuria jikoni.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Flora, binti yao, alikuwa anaolewa Makambako, kwenye parokia ya kina bwana harusi. Na Flora hakulelewa na baba yake. Alipokuwa mdogo Polikarpo alikuwa milimani na mabomba yake, Letisia akiuguza wagonjwa huku na kulima kule, na aliyembeba mtoto mgongoni, akamkalisha darasani na kumpeleka komunyo ya kwanza ni bibi yake, Scolastika, mama mzazi wa Letisia. Kwa hiyo Flora alisema mbele ya kamati nzima kwamba atakayemshika mkono kuingia kanisani ni bibi. Bibi asipofika, yeye haingii. Siku alipoondoka kwenda kulala Makambako na wasimamizi wake, alimvuta baba yake pembeni.

"Baba, mengine yote nilishakusamehe. Hili la bibi usiniangushe."

Maneno yale yalimwingia Polikarpo mpaka kwenye mifupa. Usiku ule alimwambia Letisia kwamba mama atapanda gari lake, si la mtu mwingine, na atafika kama malkia. Letisia alijua ugumu uko wapi.

Ugumu ni kwamba Bibi Scolastika na Polikarpo hawakuwahi kuzungumza. Hapana, hawakugombana! Heshima tu. Kwa watu wa rika lao, mkwe wa kiume na mama mkwe hawashikani mikono, hawatazamani usoni, na mama hatamki jina la mkwewe hata nyumba ikiungua. Kukiwa na neno, lipite kwa mtu wa katikati. Mtu huyo, tangu alipoolewa mpaka leo, alikuwa Letisia, na koo lake linajua.

Asubuhi ya harusi mvua ilikuwa ikimwagika, na ukungu umekaa juu ya Njombe kama umelipwa. Bibi Scolastika alitoka na kitenge kipya, kilemba, na dumu la ulanzi mbichi, ile pombe ya mianzi, la kuwatunza wakwe. Akaketi nyuma, dumu mapajani. Polikarpo akakigeuza kioo cha ndani kitazame paa, asije akakutana na macho ya mama mkwe barabarani. Kilichokuwa kinakuja nyuma yake akamwachia Mungu.

"Letisia," alisema kabla ya kuwasha gari, "mwambie mama alegeze kifuniko cha dumu. Ulanzi mbichi ukiufunga kabisa unavimba, utatupasukia humu ndani."

"Mama, legeza kifuniko."

"Mwambie mumeo nimegema mianzi kabla hajajua kuvaa suruali. Kimeshalegezwa."

Wakaondoka. Vioo vikajaa ukungu wa pumzi, Polikarpo akawasha kiyoyozi kama mwalimu alivyomwelekeza, kioo cha mbele kikang'aa. Moyo wake ukang'aa nacho. Suti imekaa vizuri, gari halitoi tone, mama mkwe yuko nyuma. Alitaka kupiga mluzi, akakumbuka heshima.

Walipoanza kuteremka baada ya Kibena, Letisia alitazama chini.

"Mume wangu, mbona miguu yangu imelowa?"

"Ni mvua uliyoingia nayo."

"Mvua gani inafika kwenye kifundo?"

Kabla hajajibiwa, barabara ikaanza kupanda, na yale maji, kwa utiifu wote wa maji ya mserereko, yakaacha miguu ya Letisia yakaenda nyuma.

"Letisia!" ikasikika sauti ya bibi. "Mwambie mumeo huku kuna maji."

"Mama anasema huko kuna maji."

"Nimesikia."

"Mama, anasema amesikia."

"Mwambie kusikia kwake hakunikaushi viatu."

"Anasema kusikia kwako..."

"Nimesikia, Letisia! Mwambie mama anyanyue miguu."

"Mama, nyanyua miguu."

"Nimeshainyanyua zamani! Mwambie kilichobaki kunyanyua ni roho!"

Ikawa hivyo. Kila mteremko Letisia anapiga kelele, kila mlima bibi anapiga kelele, na Polikarpo katikati ametoa macho mbele, akijitia hamnazo, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Akilini alikuwa akitafuta: maji yanaingilia wapi? Milango imefungwa. Vioo vimefungwa. Mipira yote niliiziba! Kwa kweli niliiziba yote. Mtu anaweza kuwa na jibu mdomoni na asilitambue, na Polikarpo alilitafuna lile jibu mpaka wakapita Mtwango.

Hapo mshale wa joto ukaanza kupanda. Ukafika katikati, ukapita, ukagusa nyekundu, halafu kutoka chini ya boneti kikasikika kishindo: paa! Moshi mweupe ukafunika kioo chote. Letisia akapiga ishara ya msalaba. Polikarpo akalisogeza gari pembeni, kando ya shamba la viazi, likazima lenyewe kabla hajalizima.

Alishuka, akafungua boneti. Kifuniko cha lile kopo la maji pembeni ya rejeta kilikuwa kimeruka, kopo lenyewe limevimba, maji yote yametapakaa kwenye injini yakichemka. Letisia akateka kiganja cha maji kutoka sakafuni mwa gari, meusi, yenye majani.

"Si tumwagie haya haya?"

"Machafu! Hayaingii kwenye rejeta yangu."

"Rejeta yako?" Letisia alikuwa amefika mwisho. "Binti yako amekaa na shela kichwani, wewe unachagua maji!" Akachomoa ndoo mpya iliyokuwa zawadi ya Flora, akajifunga khanga kichwani, akakata shamba la viazi kuelekea kwenye nyumba za ng'ambo, akisema peke yake kwa lugha ya Kibena maneno ambayo sitayaandika.

Na hapo ndipo Polikarpo alipogundua kilichotokea. Mtu wa katikati ameondoka. Amebaki yeye, gari, na mama mkwe.

Mvua ilikuwa imepungua, imekuwa manyunyu. Bibi Scolastika alifungua mlango, akabaki ameketi, miguu juu ya kiti, viatu mkononi, dumu mapajani. Baada ya muda alilisemesha dumu.

"Wewe ulanzi," alisema kwa sauti ya kufika mbele, "umewahi kuona gari lenye maji miguuni na kiu kwenye injini?"

Polikarpo akaijibu rejeta. "Wewe rejeta, mimi mwenyewe sielewi. Kila palipovuja nimepaziba."

"Ulanzi, muulize, ameziba kwa nini?"

"Rejeta, nimeziba kwa sababu maji yalikuwa yanatoka."

Hapo kikasikika kitu kidogo: dumu lilikuwa likipumua, fsss, fsss, kupitia kifuniko kilicholegezwa. Polikarpo alilisikia. Akalitazama kopo lililovimba. Akautazama ule mpira mwembamba unaoteremka kutoka kwenye kopo, na gunzi lake mwishoni, na fundo la maisha.

"Mungu wangu," alisema, na safari hii hakuwa anaiambia rejeta. "Lilikuwa linapumua."

Akakata ule ukanda kwa funguo na meno, akavuta gunzi, mpira ukatoa pumzi na tone la mwisho. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu anunue lile gari, akafanya alichokuwa akiwalazimisha vibarua wake. Akashika mpira wa pili akaufuata unakotoka. Ulitoka kwenye ukuta, na nyuma ya ukuta kuna kiyoyozi, na kiyoyozi kinatoa jasho, na jasho lisipotoka nje litakwenda wapi kama si kwenye miguu ya mke wake? Akaufuata wa kwanza. Ulianzia kwenye mfereji chini ya kioo cha mbele, pale inapokusanyika mvua yote ya kwenye kioo. Mvua ya kuanzia Njombe mpaka pale! Alikuwa ameizibia njia ya kutoka, ikajitafutia njia yake mpaka kwenye viatu vya mama mkwe.

Sasa kuyatoa. Gunzi la mpira wa pili lilifikika kwa chini tu. Yaani alale chali kwenye tope, na suti yake, miguu imechanua barabarani, mbele ya mama mkwe! Polikarpo alisimama akiushika ukingo wa boneti. Watu wamevunja uchumba kwa aibu ndogo kuliko hiyo. Simu ikalia mfukoni.

"Baba, mko wapi? Padre ameshafika."

"Tumekaribia, mwanangu."

"Bibi yuko hapo?"

"Yupo."

"Siingii bila yeye, baba."

"Najua."

Alipiga moyo konde, akalala chini. Bibi Scolastika alipoona miguu ya mkwewe inatokeza chini ya gari, alijifunika kitenge usoni upesi, akageukia viazi. Tope lilimwingia Polikarpo kolani. Gunzi likatoka, likafuatiwa na maji yaliyokaa humo, yakamwingia kwenye mkono wa koti mpaka kwapani. Akatoka amekuwa mtu wa rangi mbili.

Likabaki lile la kwanza, lililosukumwa kwa kijiti. Aliingiza mkono, ukakwama kwenye kiwiko. Akavua koti, akaingiza tena, ukakwama pale pale. Gunzi alikuwa akiligusa kwa ncha ya kidole na halikuwa na habari naye, limevimba, limetulia. Mvua ikaanza kuongezeka, na mfereji ukaanza kujaa tena. Alivuta, akasukuma, akalaani, akaomba radhi, akavuta tena. Mkono wake ulikuwa mkubwa, ndiyo hivyo, mkono wa kubebea mabomba. Akainamisha kichwa juu ya injini. Alimwona Flora amesimama kwenye mlango wa kanisa akitazama barabara, kama alivyokuwa akitazama utotoni, na baba haji, yuko kwenye mabomba.

"Polikarpo."

Aliruka akagonga kichwa kwenye boneti. Hakuna aliyekuwepo pale. Yaani alikuwepo mmoja tu, na huyo hawezi kulitaja jina lile.

"Polikarpo, sogea," alisema Bibi Scolastika. Alikuwa amesimama pembeni yake, peku kwenye tope, amepandisha mikono ya blauzi. "Mkono wako mnene. Mimi nimezoea kutoa vitu kwenye mianzi."

Polikarpo akaangalia huku na huku kumtafuta Letisia. Letisia alikuwa mbali, ndoo kichwani, anaruka matuta. Akasogea. Bibi akauingiza ule mkono wake mwembamba, wenye mishipa, ukapita pale wa mkwe ulipokwama. Akafumba macho, akauma mdomo, akazungusha, akazungusha, akavuta. Gunzi likatoka na maji yakafuata kwa kasi kama bomba la kijiji siku ya uzinduzi, yakamlowesha yeye mikono yote na kitenge kipya kuanzia kiunoni.

Wakatazama yale maji yakitoka, wote wawili, mpaka yakaisha.

Letisia alipofika akawakuta wamesimama bega kwa bega kama vibarua. Ndoo nusura imdondoke.

"Mama! Mume wangu, mama anasema nini?"

"Mimina maji," alisema mama yake.

Injini ilikuwa imeshapoa. Wakamimina, wakakirudisha kifuniko, wakakomba maji ya sakafuni kwa kofia ya Polikarpo, wakaondoka. Njia nzima mpaka Makambako maji yalidondoka chini ya lile gari inavyotakiwa.

Walifika Padre ameshatoka mlangoni mara mbili. Flora alikuwa amesimama kwenye ngazi na shela lake. Alipomwona bibi akishuka alikimbia, harusi na heshima zake zote, akamkumbatia mtu aliyelowa chapachapa. Kina mama wa upande wa bwana harusi walikuwa wamejipanga kupokea wakwe. Wakatazama kitenge chenye tope. Wakatazama suti ya Polikarpo. Mmoja akaziba mdomo kwa khanga, mwingine akauliza kwa upole wa kuumiza: "Poleni, jamani. Kwani mmepata ajali?"

Polikarpo alinywea. Alitamani kurudi chini ya gari.

"Ajali gani?" Bibi Scolastika alijibu kwa sauti ya soko. "Mkwe wangu ametuleta. Mvua yote ile, na ametuleta!"

Kisha akampa Flora mkono mmoja, na Letisia akauinua upindo wa gauni kwa nyuma. Kengele ikalia. Wakaanza kupanda ngazi. Kwenye ngazi ya juu bibi akasimama, akageuka, akamtazama Polikarpo usoni, mbele ya watu wote wale.

"Polikarpo, jioni utanirudisha wewe, au nitafute basi?"

Polikarpo akamtafuta mtu wa katikati. Letisia alikuwa ameshaingia ndani ya mlango, ameshika gauni, hana mkono wala mdomo wa kumsaidia. Watu walikuwa wakingoja. Akajipangusa tope mdomoni.

"Nitakurudisha mimi, mama," alisema.